Msikiti wa Kizimkazi Dimbani: Karne Tisa za Ibada na Uashi

Kisiwa cha Unguja, chenye urefu wa kilomita zipatazo 85 kutoka Ras Nungwi upande wa kaskazini hadi pwani ya Kizimkazi na Makunduchi upande wa kusini, kinajulikana duniani kwa majengo ya Mji Mkongwe, ingawa mengi kati ya hayo ni ya karne ya 19, na hata Ngome Kongwe iliyopo Forodhani haitangulii mwisho wa karne ya 17. Jengo la Unguja linalobeba tarehe ya kale kuliko yote halipo mjini. Lipo Kizimkazi Dimbani, kijiji cha wavuvi cha kusini-magharibi mwa kisiwa, nalo ni msikiti mdogo wenye kuta nene na paa la bati, ambao mpita njia asiyeujua anaweza kuupita bila kugeuza shingo. Ndani yake, katika ukuta wa kibla, yamechongwa maandishi ya Kiarabu yanayoeleza kuwa msikiti uliamriwa kujengwa mwezi wa Dhulkaada mwaka 500 wa Hijria, yaani katikati ya mwaka 1107.

Historia ya msikiti huu inastahili kusimuliwa kama historia ya taasisi, kwa kuwa kilichodumu kwa zaidi ya karne tisa si kuta zote zilizosimamishwa mwanzo, bali ni ibada, jamaa ya waumini, na desturi ya kulijenga upya jengo pasipo kuipoteza kumbukumbu yake. Kuta zilichakaa zikajengwa tena na paa likabadilishwa, lakini kila kizazi kilichoshika mwiko na chokaa kilitambua kuwa ukuta wa kibla na maandishi yake ni amana. Utunzaji huo wa kizazi baada ya kizazi ndio sifa kubwa ya Kizimkazi, na ndio unaoutofautisha msikiti huu na misikiti mingine mingi ya pwani iliyobaki magofu.

Bahari na miji iliyouzaa msikiti

Uislamu ulifika katika pwani ya Afrika Mashariki mapema, ukiletwa na mahusiano ya biashara yaliyofuata pepo za msimu, kaskazi inayosukuma vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi kuja pwani, na kusi inayovirudisha. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifukua, chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa, mfululizo wa misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ambapo ile ya mwanzo, ya karne ya 8, ilikuwa midogo na ya miti, na baadaye ikafuatiwa na ya mawe. Kwa hiyo, Musa bin Hasan, ambaye maandishi ya Kizimkazi yanamtaja kuwa mwanzilishi wa msikiti, alipoamuru ujenzi, Waislamu wa pwani walikuwa tayari na uzoefu wa zaidi ya karne tatu wa kujenga nyumba za ibada, na waashi wao walikwishajua tabia ya mawe ya bahari.

Unguja na Pemba zilikuwa katikati ya mahusiano hayo. Unguja Ukuu, upande wa kusini wa kisiwa, ulikuwa mji wa biashara tangu karne za mwanzo za Uislamu, na huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana mwaka 1984 hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani yenyewe, pamoja na dinari chache za dhahabu za enzi ya Fatimiya, za karibuni zaidi kati yake zikiwa za karne ya 11. Mji unaotoa sarafu kwa jina la mtawala wake ni mji wenye fedha, sheria na wasomi wa hati ya Kiarabu, na katika ulimwengu wa miji ya namna hiyo haishangazi kuwa mkubwa wa Kizimkazi aliweza kuamuru msikiti wa mawe na kuagiza jina lake lichongwe ukutani.

Maandishi ya mwaka 500 wa Hijria

Maandishi ya Kizimkazi yameandikwa kwa hati ya Kikufi, aina ya kale ya mwandiko wa Kiarabu yenye herufi za pembe na mistari iliyonyooka, nayo ni ya tawi la Kikufi linaloitwa la maua, kwa sababu ncha za herufi hurefushwa na kugeuzwa kuwa majani na vikonyo. Akisimama mbele ya ukuta huo, mtazamaji huona kwanza nguzo za alifu na lamu zikipanda juu kwa vipimo vinavyolingana, kisha huona kuwa kila moja huishia katika jani lililojikunja, na kwamba nafasi zilizobaki kati ya herufi zimejazwa mafundo na matawi hadi ukanda mzima unakuwa maandishi na pambo kwa pamoja. Herufi hazikuchimbwa ndani ya jiwe. Mchongaji aliondoa jiwe lililozizunguka ili zenyewe zibaki zimeinuka, kazi isiyosamehe kosa, kwa kuwa jani lililokatika haliwezi kuungwa.

Sehemu ya maandishi hayo ni aya za Qur'ani, na sehemu nyingine, iliyo upande wa kushoto wa mihrabu, ni ukumbusho wa ujenzi. Ukumbusho huo unamtaja Sheikh Sayyid Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad kuwa ndiye aliyeamuru msikiti ujengwe, unamwombea umri mrefu na kuangamizwa kwa adui zake, na unataja siku ya Jumapili, mwezi wa Dhulkaada na mwaka 500. Haya ndiyo maandishi ya kale kuliko yote yenye tarehe yanayojulikana Zanzibar, na katika pwani nzima ni machache sana yanayoweza kuwekwa safu moja nayo, mojawapo yakiwa yale ya Barawa, Somalia, ya miaka michache tu kabla yake.

Mwandiko huo ulianza kujulikana nje ya Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20. Francis Barrow Pearce, aliyekuwa Mkaazi wa Uingereza Zanzibar, aliandika habari za magofu na misikiti ya kale katika kitabu chake kuhusu Zanzibar kilichotoka mwaka 1920, na mwaka 1922 Samuel Flury, mtaalamu wa maandishi ya Kiislamu kutoka Uswisi, alichapisha uchambuzi wa herufi za Kizimkazi uliothibitisha usomaji wa tarehe. Mtindo wa herufi hizo umelinganishwa na ule wa Siraf, bandari kuu ya Ghuba ya Uajemi, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa mchongaji alitoka huko, au kwamba jiwe lililetwa likiwa limekwishachongwa. Hata hivyo jiwe lenyewe ni tumbawe la bahari za Afrika Mashariki, na vipande vya kazi inayofanana nayo vimepatikana mahali pengine katika visiwa hivi, hivyo ushahidi unaelekeza kwenye karakana ya wachongaji waliofanya kazi hapahapa pwani, walioujua mtindo wa Ghuba na kuutia katika jiwe la kwao.

Masimulizi ya wenyeji nayo yana nafasi yake. Husimuliwa kuwa hapo zamani palikuwa na mfalme aliyeitwa Kizi na mwashi wake aliyeitwa Kazi, na kwamba mwashi huyo ndiye aliyeusimamisha msikiti kwa ustadi usio na mfano. Masimulizi haya hayatafutwi tarehe ndani yake, lakini yanahifadhi haki moja ambayo jiwe halikuihifadhi, kwani maandishi yanamtaja aliyeamuru, ilhali wazee katika hadithi yao wamemweka mwashi sawa na mfalme.

Matumbawe, chokaa na boriti

Usanifu wa msikiti wa Kizimkazi hauwezi kueleweka bila kueleza vifaa vyake. Waashi wa pwani walitumia mawe ya aina mbili. La kwanza ni jiwe gumu la uwanda, lile linalochimbwa nchi kavu katika maeneo ya mawemawe ya mashariki na kusini mwa Unguja, ambalo halikubali kuchongwa kwa ufundi mwembamba na kwa hiyo hutumika kujazia kuta. La pili ni tumbawe laini, ambalo hukatwa baharini likiwa hai, huchongwa lingali bichi na lenye unyevu, kisha hukauka na kuwa gumu kwa jua na hewa. Mihrabu, nguzo, vizingiti na kanda za maandishi zilichongwa katika tumbawe hilo la pili, na hivyo mchongaji alikuwa na muda mfupi wa kumaliza kazi yake kabla jiwe halijamkatalia.

Mawe hayo yaliunganishwa kwa chokaa, ambayo hupatikana kwa kupanga vipande vya matumbawe juu ya rundo la magogo, kuyachoma mpaka yageuke unga, kuumwagia unga huo maji, na kuuacha ukae kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Paa na dari zilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyonyooka, na kwa kuwa boriti inayoweza kuhimili dari la mawe na chokaa haizidi kwa kawaida mita tatu hivi, upana wa kila chumba cha mawe cha pwani ulifungwa na kipimo hicho. Msikiti uliohitaji nafasi kubwa zaidi ulilazimika kupangwa nguzo katikati, na ndiyo sababu misikiti ya kale ya Waswahili ama ni myembamba, ama imejaa nguzo.

Ustadi huohuo ulihudumia imani nyingine ulipohitajika. Kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini, ambalo Askofu Edward Steere alianza kulijenga mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo, lilisimamishwa kwa mawe ya matumbawe, na ili kuukwepa ufinyu wa boriti likaezekwa kwa kuba refu la mawe na saruji. Tofauti ya upana kati ya kanisa hilo na msikiti wa Dimbani inaonyesha waziwazi jinsi urefu wa mti wa mkoko ulivyoongoza umbo la nyumba za ibada kwa karne nyingi.

Kiini cha msikiti wowote ni ukuta wa kibla, ambao kwa Unguja una mwelekeo rahisi kuliko katika nchi nyingi za Kiislamu. Kisiwa kiko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo na Makka, hivyo anayesali Kizimkazi huelekea kaskazini. Katika ukuta huo imo mihrabu, kibanda cha nusu duara anaposimama imamu, na ile ya Kizimkazi ina upinde wenye mikato ya mviringo inayofuatana, umezungukwa na nguzo nyembamba na mapambo ya tumbawe lililochongwa. Hakuna mnara. Misikiti ya zamani ya Unguja kwa kawaida haikuwa nao, na mwadhini aliita kutoka mlangoni au juu ya paa, kiasi kwamba mnara wa pia wa msikiti wa Malindi, Mji Mkongwe, ni jambo la pekee linalotajwa hadi leo.

Nje ya msikiti yalitarajiwa kuwapo maji ya udhu. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyepita pwani hii mwaka 1331, alieleza kuwa misikiti ya Mombasa ilikuwa na visima mlangoni, kata ya mti ya kutekea maji, na mkeka wa kufutia miguu kabla ya kuingia. Kisima, birika na mawe ya kukanyagia ni sehemu ya msikiti wa Kiswahili sawasawa na mihrabu, kwani usafi wa mwili ndio mwanzo wa sala.

Msikiti wa Makutani upande wa kaskazini

Mkazi wa Nungwi, kaskazini mwa kisiwa, hahitaji kusafiri hadi kusini ili kukutana na kazi ya waashi wa zama hizo. Katika kisiwa cha Tumbatu, kinachoonekana kutoka pwani ya kaskazini-magharibi ya Unguja, na ambacho watu wake wana undugu wa nasaba na lahaja na watu wa Nungwi, yapo magofu ya mji wa Makutani, karibu na kijiji cha Jongowe. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliandika kuwa watu wa Unguja walihamia katika kisiwa cha Tumbatu na kwamba wakazi wake walikuwa Waislamu. Magofu yanathibitisha habari hiyo, kwa kuwa yana nyumba nyingi za mawe na msikiti mkubwa uliojengwa ukingoni kabisa mwa bahari.

Pearce alichunguza magofu hayo, na baadaye Horton na wenzake wakafanya uchimbaji mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Vipande vya maandishi ya Kikufi vya Tumbatu vinashabihiana na vile vya Kizimkazi, jambo linaloonyesha kuwa pande hizi mbili, zilizotengana kwa safari ndefu ya jahazi, zilishiriki mafundi au angalau mafunzo yaleyale. Kwa ukubwa na utajiri, Makutani huenda uliizidi Kizimkazi.

Lakini katikati ya karne ya 14 mji wa Makutani ulihamwa, na msikiti wake ukabaki bila jamaa. Bahari ikaanza kula kingo zake, mizizi ikapasua kuta, na mawe yaliyochongwa yakaanguka vipandevipande. Misikiti hiyo miwili ilijengwa kwa jiwe moja, chokaa moja na ustadi mmoja, na kilichoutofautisha mmoja na mwingine ni kuwa Kizimkazi haukukosa watu wa kuufagia, kuuezeka na kusali ndani yake, na uhai wa jengo la ibada hutegemea hilo kuliko ugumu wa mawe.

Kujengwa upya katika karne ya 18

Mwanzoni mwa miaka ya 1770 msikiti wa Kizimkazi ulijengwa upya, na waliofanya kazi hiyo waliweka ukutani maandishi yao ya tarehe, upande wa kulia wa mihrabu. Hati yao ni nyepesi na ya kawaida, mbali na ufundi wa karne ya 12, na waashi wenyewe hawakujaribu kuiga yale majani na mafundo. Walichofanya ni bora zaidi, kwani waliyahifadhi maandishi ya kale katika ukuta wa kibla, wakaandika yao pembeni, na hivyo wakaacha ukuta mmoja unaosomeka kama daftari la taasisi, upande mmoja tarehe ya kuasisiwa, upande wa pili tarehe ya kufanywa upya, na katikati mahali pa imamu.

Kuujenga upya msikiti hakukuwa jambo la lazima. Historia ya majengo ya ibada duniani ina mifano mingi ya jengo lililoanguka na kuachwa hivyo, hata katika miji tajiri. Katika mji wa Utrecht, Uholanzi, kanisa kuu la Domkerk, lililoanza kujengwa kwa mtindo wake wa sasa mwaka 1254, lilipoteza ukumbi wake wa katikati katika dhoruba ya mwaka 1674, na ukumbi huo haukujengwa tena, hivyo hadi leo mnara wake umesimama upande mmoja wa uwanja na sehemu iliyobaki ya kanisa upande wa pili. Kanisa hilo lilikuwa na mji mkubwa nyuma yake, ilhali msikiti wa Dimbani ulikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima, na kijiji hicho kikaweza kuusimamisha tena.

Mwaka 1960 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba katika eneo la msikiti, na uchunguzi mwingine ukafuata mwishoni mwa miaka ya 1980. Kazi hizo zilionyesha kuwa sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya ujenzi wa karne ya 18, na kwamba chini yake kuna mabaki ya jengo lililotangulia. Wataalamu wamejadili iwapo kila jiwe la maandishi limo mahali pake pa awali, mjadala ambao ni wa haki katika elimu ya mambo ya kale, lakini haupunguzi thamani ya ushahidi kwamba mahali hapa pamekuwa na nyumba ya ibada kabla ya hii inayoonekana. Makaburi ya zamani yaliyopo kando ya msikiti yanaongeza ushahidi wa namna hiyo, kwa kuwa wafu huzikwa palipo na jamaa ya kuwaombea.

Wajibu wa kizazi hiki

Msikiti huu bado ni msikiti. Wageni wanaofika Kizimkazi, wengi wao kwa ajili ya kutazama pomboo, wanaruhusiwa kuuona kwa kuheshimu desturi za mahali pa sala, kwa kuvua viatu, kujisitiri na kuomba idhini. Utalii huo una manufaa iwapo utakumbuka kuwa wenye nyumba ni waumini, na kuwa mwandiko uliochongwa katika tumbawe hauvumilii mikono inayoupapasa kila siku.

Hatari nyingine haitoki kwa wageni. Kuta za mawe na chokaa hupumua, maana yake ni kuwa unyevu unaoingia ndani yake hupata njia ya kutoka, ilhali saruji inapopakwa juu yake huuzuia unyevu huo ndani pamoja na chumvi ya bahari, na tumbawe huanza kumeguka kutoka nyuma ya plasta bila mtu kuona. Ukarabati unaofanywa kwa nia njema na kwa saruji ya dukani unaweza kwa miaka michache kuharibu kilichohimili pepo za karne tisa. Kwa sababu hiyo ustadi wa kuchoma chokaa na kuitumia haupaswi kuachwa ufe na wazee wanaoujua, na mafundi vijana wa Kizimkazi, Tumbatu na Nungwi, ambako kazi ya kuchonga majahazi kwa mkono bado hurithishwa, wafundishwe uashi wa kale kwa bidii ileile, huku magofu ya Makutani yakilindwa dhidi ya mawimbi kabla kilichobaki hakijaporomokea baharini.

Mwaka 1500 wa Hijria utaanza mwishoni mwa mwaka 2076, na katika mwezi wa Dhulkaada wa mwaka huo wa Hijria msikiti wa Kizimkazi Dimbani utatimiza miaka 1,000 kwa hesabu ileile iliyoandikwa ukutani mwake. Watoto wanaosoma leo katika madrasa na skuli za Unguja ndio watakaokuwa wazee wa siku hiyo. Waliojenga mwaka 500 na waliojenga upya miaka ya 1770 walitimiza sehemu yao na wakaacha tarehe zao. Kizazi cha sasa nacho kitimize yake, ili jamaa itakayosimama mbele ya mihrabu hiyo mwaka 1500 ikute maandishi yangali yanasomeka.